Mbwa anakufa kwa woga fataki zikianza: nimbembeleze au nimwache?

#1 KufuliMbovu
Wakuu, habari za jioni.

Nina mbwa dume wa miaka sita, anaitwa Kamanda. Mwizi haingii kwangu, fundi bomba haingii, hata shemeji yangu akija lazima apige simu kwanza nimfungie. Lakini fataki ya kwanza ikipasuka tu, Kamanda hayupo. Mara ya mwisho nilimkuta nyuma ya choo, amejipenyeza kati ya ukuta na bomba, mahali ambapo sikujua kama mwili ule unaweza kuingia. Anatweta, udenda unachuruzika mpaka sakafu imelowa, mkia kaufyata. Nikamwekea mkono kifuani, moyo unakwenda mbio mpaka nikaogopa mimi. Alikaa pale kwa saa nne nzima, na kesho yake hakugusa chakula hadi jioni.

Wiki tatu zijazo fataki zinapigwa tena. Kila ninayemuuliza ananiambia usimbembeleze, ukimbembeleza unamfundisha woga. Ile siku niliwasikiliza, nikamwacha chooni peke yake, nikafunga mlango. Alikwangua ubao mpaka kucha mbili zikatoka damu.

Hili la kutobembeleza ni kweli, au ni jambo tumerithishana tu? Na kwenu kimesaidia nini? Nawasilisha.

#2 Bibi_Paka
Kamanda nyuma ya choo 😂 Mvue cheo kwanza, halafu tuendelee.

#3 MzeeWaBanda
Ni kweli tupu. Nimefuga mbwa miaka thelathini. Mbwa ni kama mtoto, ukimkimbilia kila akilia, atalia kila siku. Tatizo ni malezi. Wanaoogopa ni hawa wa kulala kwenye zulia na kuangalia televisheni na nyinyi. Wangu wanalala nje, radi ikipiga hakuna hata anayenyanyua kichwa.

#4 Nusu_Daktari
Shikamoo mzee. Hapo nakupinga, na siyo kwa ubishi, nafanya kazi ya kusaidia kwa daktari wa mifugo na mbwa wa aina hii nawaona kila msimu.

Mbwa akikaa ukampa nyama, atakaa tena, kwa sababu kukaa anaamua mwenyewe. Kutetemeka haamui. Ardhi ikitetemeka nikakushika mkono, kesho hutaomba itetemeke tena ili nikushike. Woga ni hisia, haupewi zawadi ukakua. Kinachoukuza ni mbwa kupatwa na kitu kibaya akiwa hana pa kukimbilia, na mlango uliofungwa ndio huo.

Akikufuata, mkae pamoja, mpapase taratibu, ongea kwa sauti yako ya kila siku. Akitaka kujificha, mwache ajifiche, ila usimvute atoke na usimfungie. Halafu mzee, mbwa asiyenyanyua kichwa si lazima awe ametulia. Wengine woga unawagandisha. Siku ikifika mwangalie masikio, mwangalie weupe wa macho, mwangalie kama analamba pua wakati hakuna chakula. Kupiga miayo mfululizo nako si usingizi.

#5 MzeeWaBanda
Marahaba. Miayo sasa imekuwa ugonjwa.

#6 TanguJana
Mnazunguka mbuyu. Sababu ni sikio. Mbwa anasikia mara nne kuliko sisi, hadi Hz 60,000 (mitetemo ya sauti kwa sekunde). Wewe unasikia mlio, mwenzako anasikia maumivu. Mzibe masikio, kazi imeisha.

#7 Fundi_Redio
TanguJana, hiyo 60,000 umeiokota wapi? Vipimo vinavyonukuliwa kwa mbwa ni kuanzia kama Hz 67 hadi 45,000 hivi. Sisi ni 20 hadi 20,000. Sasa tazama upande wa chini: binadamu ndiye anayeshuka zaidi. Ule mdundo mzito unaotikisa vioo, mbwa hatuzidi hapo. Anapotuzidi ni kwenye ile filimbi ya roketi ikipanda na kwenye ncha ya mpasuko.

Na sauti hizo mbili hazizuiliki kwa namna moja. Kali hukwama kwenye pazia zito, godoro, nguo. Nzito hupita ukutani kana kwamba hakuna ukuta, na mbwa anaipokea hata kwa nyayo, kwenye sakafu. Kwa hiyo mbwa anayejificha kabatini katikati ya nguo ana akili, ila anajikinga na nusu tu ya tatizo.

Pamba masikioni mimi sishauri. Ukiisukuma sana unaumiza, ukiiweka juujuu anaitikisa inatoka.

#8 Bibi_Paka
Na paka anawazidi wote, husikia juu kuliko mbwa. Nimesema tu.

#9 Mama_Popi
Kama ni sikio, mbona Popi alikuwa na masikio yaleyale miaka miwili na fataki hazikumshtua?

Siku moja tunatembea jioni, vijana wakarusha baruti ikapasukia karibu kabisa na miguu yetu. Kamba ikanichomoka mkononi. Tulimpata siku ya tatu, chini ya lori bovu, na sauti yangu hakuitambua mpaka nilipojilaza chini nimfikie kwa mkono. Tangu hapo ilianza fataki, ikaja radi, ikaja mlango wa gari ukibamizwa, sasa hata mfuko wa plastiki ukipasuliwa jikoni anaondoka. Woga unatambaa. Kwangu sababu ni ile siku, nyingine sizitafuti.

KufuliMbovu, mtoe ajisaidie kabla giza halijaingia. Mfunge kamba mbili, moja kwenye mkanda wa shingoni na nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Namba yako ya simu iwe shingoni, na kama anaweza kuwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, awekewe kabla ya siku yenyewe. Mbwa aliyetishika anarudi nyuma, kichwa kinachomoka kwenye mkanda kama kidole kwenye pete.

#10 Mwana_wa_Mwalimu
Mama Popi, pole sana. Hayo ndiyo mambo ya Pavlov, yule Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel kwa kuwazoesha mbwa kengele na chakula, mpaka kengele ikilia tu mate yanawatoka. Ubongo umeunganisha mlio na hatari.

#11 Kitabu_Kimoja
Nobel alipewa, 1904, lakini kwa kazi yake ya mmeng'enyo wa chakula. Kengele haikuwa hoja. Tena katika majaribio yake alitumia vitu vingi, pamoja na kifaa cha kugonga mapigo ya muziki.

Kinachohusu uzi huu ni kingine. Septemba 1924 Leningrad ilipata mafuriko makubwa, maji yakaingia kwenye mabanda ya mbwa wake. Wahudumu waliwaokoa dakika za mwisho, wanyama wakiwa wanaelea karibu na dari, na ili watoke ilibidi wazamishwe kwanza wapite mlangoni. Baadaye baadhi yao walikuwa wamesahau mafunzo ya muda mrefu. Mmoja alipofundishwa upya, maji kidogo tu yalipopenyezwa chini ya mlango yakamvuruga tena. Hakuumwa sikio yule. Alikumbuka.

#12 MzeeWaBanda
Tumeanza na choo, tumefika Urusi.

#13 Nyuki77
Mimi nina kisa cha aibu. Nilisoma mahali kwamba fataki zikija mpe mbwa nyama, ataziona rafiki. Nikawa nakaa na kopo la nyama, nasikia ile filimbi ikipanda, nampa haraka kabla haijapasuka. Usiku mzima. Unajua kilichotokea? Sasa nikishika lile kopo mchana kweupe, anatoka mbio. Kopo ndilo limekuwa fataki.

#14 Nusu_Daktari
Nyuki77 😂 Siyo aibu, wengi wanaanguka hapohapo. Ulipanga kinyume. Mlio uje kwanza, nyama ifuate mara moja, kila mlio bila kukosa, hata kama hajafanya lolote la kusifiwa. Mlio uwe ndio habari ya nyama. Ukitanguliza nyama, nyama inakuwa onyo.

Na iwe kitu asichokipata siku nyingine. Akikataa kula kabisa, ujue woga umeshapanda mno, chakula hakitafanya kazi saa hiyo.

Wanaopenda takwimu: mtafiti Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, aliwahoji wamiliki wa mbwa 1,225. Zaidi ya asilimia 70 ya waliotumia chakula au mchezo baada ya mlio walisema imesaidia. Mafunzo ya kumtuliza mbwa yalikuwa karibu na hapo, na dawa za daktari pia. Zile fulana za kubana kifua zilipata asilimia 44.

#15 Kitabu_Kimoja
Ila hayo ni maoni ya wenye mbwa, mbwa wenyewe hawakuhojiwa. Mtu aliyekesha na kopo la nyama usiku kucha hawezi kukubali kwamba alipoteza muda.

#16 Nusu_Daktari
Sawa, nakubali. Lakini wa fulana nao walikesha.

#17 Mwana_wa_Mwalimu
Mbona hamsemi kuhusu kumzoesha? Unapiga sauti ya fataki kwenye simu kwa sauti ndogo sana huku anakula, unapandisha kidogokidogo, baada ya wiki kadhaa amezoea.

#18 Fundi_Redio
Simu ina spika ya ukubwa wa kucha. Ule mdundo mzito niliousema #7 haumo kabisa, umebaki mpasuko mwembamba kama karanga zinazobanguliwa. Mbwa anazoea karanga. Siku ya fataki sakafu inatikisika, naye hajawahi kufundishwa sakafu. Tumia spika kubwa, iweke chini, na hata hapo usitegemee itafanana na kitu halisi. Mwanga na harufu ya baruti hujaviweka.

Tena ukipandisha sauti haraka umemtisha mwenyewe, nyumbani kwako. Wiki tatu za KufuliMbovu hazitoshi. Hiyo ni kazi ya miezi, ianze wakati hakuna fataki karibu.

#19 Koo_Bora
Mnamsahau babu yake. Norwei walichunguza mbwa zaidi ya 5,000 wa koo 17 (matokeo yalitoka 2015), asilimia 23 walikuwa na woga wa kelele, lakini ukoo na ukoo walipishana sana. Boksa na Great Dane walikuwa miongoni mwa wasiojali, Buhund wa hukohuko Norwei miongoni mwa waoga. Majike zaidi ya madume, na umri unaongeza. Kamanda ni wa ukoo gani?

#20 KufuliMbovu
Ukoo wake? Mama yake alikuwa mweupe, baba hakujitambulisha.

Asanteni wote, nasoma kila kitu. Mlango sifungi tena.

#21 Dada_Utulivu
Koo_Bora kagusa umri nami ningependa tukae hapo kidogo. KufuliMbovu, Kamanda ameanza lini kuogopa? Tangu mdogo au ukubwani?

Nauliza kwa sababu jike langu liliishi na fataki miaka saba bila shida, mwaka wa nane likaanza kutetemeka. Tulihangaika na mapazia na muziki, kumbe nyonga zinauma. Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha utafiti 2018, mdogo, mbwa 20, nusu wana maumivu ya viungo au misuli na nusu hawana. Wenye maumivu walianza kuogopa kelele wakiwa wakubwa zaidi, wakiwazidi wenzao kwa wastani wa karibu miaka minne. Wazo lao ni kwamba mbwa akishtuka misuli inakaza, penye kidonda panauma, naye anaulaumu mlio. Wangu alipotibiwa nyonga, fataki zilizofuata alinyanyuka, akazunguka mara mbili, akalala. Mapazia yalikuwa wazi.

#22 KufuliMbovu
Dada, umenishtua. Alianza akiwa na miaka minne kama sikosei. Na siku hizi kwenye ngazi anapanda kwa kuruka miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, kama sungura. Watoto wanamcheka. Nilidhani ni mbwembwe.

#23 Dada_Utulivu
Mpeleke, usisubiri fataki.

#24 TanguJana
Gharama zote za nini? Mkatie nusu ya kidonge cha usingizi cha binadamu au cha maumivu, alale, asubuhi ameamka mzima.

#25 Nusu_Daktari
TanguJana hapana, na anayesoma hapa asijaribu. Ibuprofeni inamchoma mbwa tumbo na kuua figo, parasetamoli inaharibu ini. Baadhi ya vidonge na dawa za maji zinatiwa utamu wa zailitoli, unaoangusha sukari ya damu ya mbwa haraka. Kipimo cha kukata kwa kisu cha jikoni hakipo.

#26 Mama_Popi
Na hata ya daktari, uliza ni ipi. Mwaka ule Popi alipewa kidonge nikaambiwa kitamtuliza. Kweli alilala chini kama gunia. Lakini macho yalikuwa wazi, na kila mlio ukipiga kope inaruka. Mwili haukuweza kukimbia, yeye alikuwa macho kabisa ndani. Niliona hicho kitu mpaka usiku wa manane. Sitampa tena.

#27 Nusu_Daktari
Mama Popi, maelezo yako yanafanana na asepromazini. Ilitumika sana zamani. Inalegeza mwili bila kuondoa woga, na baadhi ya mbwa inawafanya washtukie sauti zaidi. Siku hizi haipewi peke yake kwa kazi hii. Kuna jeli ya deksmedetomidini, iliidhinishwa 2015 Ulaya na Marekani mahsusi kwa mbwa wanaoogopa kelele. Inapakwa kati ya fizi na shavu, akiimeza haifanyi kazi vizuri, na anayepaka avae glavu. Kuna nyingine za vidonge pia ambazo daktari huchagua kwa kumwangalia mbwa. Zote hufanya kazi vizuri zaidi zikitangulia woga, kuliko kuukimbiza ukishapanda. Na kipimo cha kwanza kijaribiwe siku tulivu, muone anavyoipokea.

#28 Bibi_Paka
Na muziki? Au huo ni wa mapazia ya Dada_Utulivu?

#29 Kitabu_Kimoja
Muziki umechunguzwa. Chuo Kikuu cha Glasgow na shirika la kutetea wanyama la Scotland walitoa matokeo 2017, mbwa wa kwenye mabanda ya hifadhi walipigiwa aina tano. Rege na roki laini ndizo zilizowatuliza zaidi. Ila hakukuwa na fataki pale, ni utulivu wa kawaida tu. Na muziki uleule ukirudiwa siku kadhaa wanauzoea, haufanyi kitu.

#30 Nyuki77
Rege! Nilijua tu. Kamanda afuge rasta.

#31 Fundi_Redio
Rege ina besi, na besi ndiyo inayofunika ule mdundo. Pazia haliwezi, besi inaweza kidogo. Hayo ni yangu mimi, Glasgow hawakusema. Washa na feni.

#32 Koo_Bora
Ukitaka dawa ya kweli ni kuondoa kelele. Visiwa vya Galápagos, kule Ecuador, walipiga marufuku fataki za kelele mwisho wa 2018 kulinda wanyama wao, zikabaki za mwanga tu.

#33 Mwana_wa_Mwalimu
Kule kuna kobe wa kulindwa. Hapa kuna Kamanda.

#34 KufuliMbovu
Mrejesho wakuu. Jana ndiyo ilikuwa siku.

Daktari alimshika nyonga, Kamanda akageuza kichwa na kumtazama mkono. Anaanza dawa ya viungo, picha bado. Jeli tulipewa, tukaijaribu wiki iliyopita, akasinzia vizuri. Choo nimemwachia, ila nilitandika blanketi langu na nguo chafu, feni ikawaka, spika ya shemeji ikaletwa, rege (Nyuki77 usicheke). Jioni alitolewa na kamba mbili. Kisha nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango ulio wazi, na bakuli la maini.

Mlio wa kwanza: alikimbilia nyuma ya choo, maini hakuyatazama. Wa tano au wa sita, pua ikatokeza. Baada ya kama nusu saa akawa anapokea kila baada ya mlio, anatafuna upesiupesi, anarudi nyuma ya choo, anasubiri. Ilipopigwa ile mikubwa ya mwisho alitetemeka sana, nikambembeleza, namwambia mzee wangu kwa heshima zote. Saa saba alilala mguuni kwangu. Asubuhi amekula.

Sasa sijui ni jeli, maini, nyonga, feni au mimi.

#35 Dada_Utulivu
Nyonga.

#36 Fundi_Redio
Besi.

#37 Nusu_Daktari
Hongera KufuliMbovu. Ulivifanya vyote kwa pamoja, hutajua. Ukitaka kujua lazima uondoe kimoja mwakani.

#38 KufuliMbovu
Siondoi hata kimoja.

#39 MzeeWaBanda
Jana nilitoka na tochi kuangalia wangu, kwa sababu ya yule kijana wa miayo. Wawili walikuwa wamelala, wamelala kweli. Yule mkubwa sikumwona. Nikamulika nyuma ya banda, amechimba shimo chini ya ukuta, kichwa na mabega yamo ndani, mgongo umebaki nje, unatetemeka. Udongo ulikuwa wa siku nyingi, shimo si la jana. Sikuwahi kwenda huko usiku.

Nilikaa naye. Hiyo jeli inaitwaje tena?

#40 Nusu_Daktari
Deksmedetomidini, mzee. Ila daktari amwone kwanza, hasa kama moyo au ini lake lina shida. Ana miaka mingapi?

#41 MzeeWaBanda
Kumi na mmoja.

#42 Bibi_Paka
Samahani kwa kuingilia. Paka wangu yuko juu ya kabati tangu jana saa mbili usiku na hataki kushuka. Mnisaidie, na nyie mbwa msicheke.